Mchezo wa Sinia Nyumbani kwa Mwalimu Phylis

Mwaka wa 2002 shule za nasari zilikuwa zimejaa Kitengela kila upande, na Phylis Muteti hakuona hata moja iliyomfaa mjukuu wake. Katika ya kwanza alikuta watoto wamebanana kwenye chumba cha mabati wakiimba herufi wasizowahi kuziona. Katika ya pili mwalimu alimsalimu kwa Kiingereza kibovu kilichomfanya atafute mahali pa kukaa. Phylis alikuwa amefundisha walimu maisha yake yote. Marehemu mumewe, Mwalimu Muteti, alikuwa hedimasta ambaye wanafunzi wake, sasa wakiwa na mvi, bado walinyoosha mgongo wakisikia akitajwa. Jina la namna hiyo halipelekwi chini ya mabati. Basi Sheryl, binti wa mwanawe Katee, mtoto wa miaka minne, akasomea jikoni kwa nyanyake.

Na alisoma. Alitenga maharagwe na mahindi, akapanga sufuria kutoka ndogo hadi kubwa, akaoanisha soksi za baba yake, akachora ng'ombe wa Parsaoti, jirani yao, kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Lakini mchezo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa sinia. Phylis alipanga vitu juu ya sinia, kijiko, kitunguu, ufunguo, wakavitaja pamoja, akavifunika kwa kitambaa, kisha akachomoa kimoja kwa siri. Kitambaa kikifunuliwa, Sheryl aseme kinachokosekana. Jibu la neno moja halikukubaliwa. Mtoto alitakiwa asimame wima, atoe sauti, aseme sentensi kamili, na kama anajua kitu kilikoenda, aeleze.

"Mwalimu, huyu mtoto unamfundisha nini?" aliuliza Kitonga siku moja. Kitonga alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa Entarara, na tangu mazishi alijihesabu mkubwa wa nyumba hii pia, hasa saa za kula.

"Namfundisha kuona, shemeji."

"Kwani alizaliwa kipofu?"

Phylis alifunika sinia kwa kitambaa.

Agosti hiyo wakaja wakwe. Evalyne, kitinda mimba wa Phylis, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bungoma aliyepanga nyumba Tuala, na baba ya kijana, Mzee Wangila, karani mstaafu mwenye kofia na maneno machache, alikuwa anakuja kwa mazungumzo ya kwanza. Evalyne hakulala vizuri wiki nzima.

"Mama, mbuzi ni sawa, lakini kwao kuku ndiye heshima. Na firigisi ni ya Mzee. Akikosa firigisi ni kama umemwambia arudi alikotoka. Kuna nyumba aliinuka akachukua kofia, na huyo msichana hajaolewa mpaka leo."

"Katika nyumba ya Muteti," alisema Phylis, "mgeni hajawahi kukosa chake."

Asubuhi ya siku yenyewe kuku alikatwa jikoni, na kwa kuwa Phylis hakuacha somo lipite, kila kipande kilitajwa: paja, bawa, shingo, firigisi. Kuku alipoiva, Phylis mwenyewe aliweka firigisi juu kabisa, akafunika sinia kwa kitambaa chake bora cha kufuma, akaenda kukaribisha wageni. Kitonga akaingia jikoni kukagua mapishi, Sheryl akiwa bado amekaa humo.

Sebuleni mambo yalikwenda vizuri. Maombi yakaombwa, wageni wakanawa mikono. Evalyne akaleta sinia, akaliweka mbele ya Mzee Wangila, akafunua.

Sheryl alisimama wima.

"Kinachokosekana ni firigisi," alisema kwa sauti. "Firigisi imeenda kwa mdomo ya Babu Kitonga."

Mzee Wangila alilitazama sinia, kisha akaweka mkono juu ya kofia yake. Evalyne alishika ukuta.

"Watoto wa siku hizi," alisema Kitonga, "wanaota wakiwa wamesimama."

"Mama," aliuliza Mzee Wangila taratibu, "mtoto anaota, ama anasema kweli?"

Phylis angesema anaota, Kitonga angepona, na labda posa ingepona naye. Alimtazama shemeji yake. Masharubu yalikuwa yanang'aa mafuta, na chakula kilikuwa hakijaanza kuliwa.

"Mtoto wa nyumba hii hasemi uongo, Mzee. Umekosewa heshima, nasi tutairudisha. Shemeji, jogoo yuko nje."

"Mimi?"

"Si wewe mkubwa wa nyumba?"

Kitonga alitoka na suti yake ya kanisani. Jogoo hakujua vyeo. Alimzungusha uani, akampitisha kwenye kamba za nguo, akamfikisha kwenye ua wa michongoma, na upepo wa Kitengela ukawamwagia vumbi wote wawili. Mzee Wangila alikataa kutazama. Baadaye aligeuza kiti kidogo. Mwishowe alikuwa amesimama dirishani.

"Mwambieni ameingia nyuma ya tangi," alisema. Akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha mtu mzima wote, mpaka mwanawe akalazimika kumshika.

Kuku wa pili alipoiva, mazungumzo yalikuwa karibu kwisha. Kitonga, aliyekuwa amepanga kuwa mgumu sana kuhusu mbuzi wa mahari, alikuta kwamba watu waliomwona akimkimbiza jogoo hawamwogopi tena. Kila alipopandisha sauti, Mzee Wangila alitazama dirishani, naye Kitonga akaishusha. Firigisi ililiwa na mwenyewe, polepole, kila mtu akishuhudia, kisha siku ya kurudi ikawekwa. Kofia ilibaki kitini hadi jioni.

Wageni walipoondoka, Kitonga alikaa akitoa manyoya kwenye kola.

"Mpelekeni huyu mtoto nasari," alisema. "Hata hizo za mabati. Angalau watamfundisha kunyamaza."

Phylis alimmiminia chai, akamsogezea sukari.

"Ataenda, shemeji," alisema, "siku nitakapopata nasari inayopokea hata wazee."