Maombi ya Kufunga

Nikisikia mtu akisema kwamba wadau wote walihusishwa, kuna ladha hunijia kooni, ya chai ya maziwa iliyokaa kwenye thamosi tangu asubuhi. Ndiyo chai tuliyonyweshwa katika ukumbi wa kanisa karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56, siku tulipoitwa kujadili ni nani mwenye haki ya kuondoa jina la tovuti kwenye mtandao.

Jina lililonipeleka kule lilikuwa la mama yangu. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama Soweto West, huko Kibera nilikozaliwa. Mimi nilishahamia Gatina, upande wa Kawangware, nina chumba ghorofani ambamo nawatengenezea watu tovuti: saluni, duka la vifaa vya ujenzi, makanisa mengi kuliko yanayonilipa. Sasa, Kibera watoto hupotea. Mtoto anafuata ngoma za watu wa kanisa waliovaa kanzu nyeupe, anakata kona moja, anakata ya pili, mabati yote yanafanana, basi. Aliyempata anamshikilia kwake au anampeleka kwa chifu, na mama mzazi wakati huo anahangaika upande wa pili wa reli. Mama aliniomba nitengeneze ukurasa mmoja tu ambapo aliyempata mtoto angesema yuko wapi, na anayemtafuta angefungua atazame. Tukaununulia jina lake, lenye neno watoto na neno Kibera, na herufi za nchi yetu mwishoni. Jina hilo lilipakwa rangi kwenye mabati, kwenye milango ya vyoo vya kulipia, hata kwenye meza za wauza dagaa wa omena. Watoto walirudi makwao kwa jina lile.

Asubuhi moja halikufunguka. Nikaipigia kampuni iliyotuuzia. Kijana wa huko alikuwa na adabu, na sauti ya mtu anayetamani simu ikatike.

"Madam, hiyo ilitoka juu."

"Juu wapi?"

"Serikalini. Walipiga simu. Wanasema jina lenu linafanya watu wadhani ni ofisi yao."

"Na sisi hamkutupigia?"

"Madam, sisi tuliambiwa tu tutoe."

Walipiga simu. Hawakwenda kortini, hawakuuliza akina mama ni nani na wanafanya nini. Mtu fulani alikaa kwenye kiti kinachozunguka, akainua simu, jina likafa, kisha nadhani akaenda kula.

Nisieleweke vibaya. Sisemi serikali isiwe na neno lolote kuhusu majina ya mtandao. Kuna wakati matapeli walifungua tovuti yenye jina linalofanana na la ofisi ya basari, ile ya msaada wa karo, wakawanyonya wazazi wa Gatina mpaka wengine wakaacha kuja kanisani kwa aibu. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuiomba serikali iingilie, nayo ikaingilia, nikaishukuru. Mwizi ana jina lake na mama yangu ana lake. Nilichotaka ni kwamba kabla ya kukata, mtu aulize huyu ni yupi.

Na nilikuwa nimeaminishwa kwamba kuna mahali pa kuuliza. Nilikuwa nikihudhuria mikutano ya mtandaoni kuhusu mambo ya majina haya, nimekaa kitandani na kompyuta magotini, pamoja na watu wa nchi nyingi. Tulifundishwa kwamba majina ya mtandao husimamiwa kwa meza moja: serikali, wafanyabiashara wa majina, mafundi, na sisi watumiaji. Serikali inatoa ushauri, ushauri wake unapewa uzito kwa sababu inasemea wananchi wake, lakini haiwi bosi wa meza. Nililipenda wazo hilo kama mtu anavyopenda mchumba. Nilimweleza mama, naye akaendelea kuchambua mboga yake ya mrenda.

"Na kwa hiyo meza," akauliza, "nani anaita mwingine?"

Nilimwambia haelewi. Kisha tukaitwa.

Kanuni za majina ya nchi yetu zilikuwa zinaandikwa upya, na maoni ya watu wa Kibera na Kawangware yalitakiwa. Sisi tulikuja na sentensi moja: jina lisiondolewe kabla ya mwenyewe kuarifiwa na kusikilizwa, isipokuwa korti imeamuru. Ni hiyo tu. Ikiingia, mama anaweza kulidai jina lake. Ikikosa kuingia, limeenda.

Tulifika mapema, tukangoja. Mkutano haungeanza kabla ya mkubwa wa ile ofisi ya serikali iliyopiga simu kufika. Mbele yalipangwa makochi yaliyobebwa kutoka nyumbani kwa mchungaji, yenye vitambaa vya kufuma, pamoja na maji ya chupa. Nyuma kulikuwa na viti vya plastiki, na ile chai. Meza yenyewe niliyoisikia miaka yote haikuwapo. Mkubwa alipowasili tulisimama wote, hata mimi, na hilo linanikera mpaka leo. Ikafuata itifaki: huyu akamtambua yule, yule akamwalika wa tatu amtambue wa nne, kila mmoja akimsifu aliyeko juu yake, mpaka harufu ya pilau ikaanza kuingia kutoka jikoni.

Nilipopewa nafasi nilisoma sentensi yetu na kueleza habari ya watoto. Mkubwa alikuwa akichokonoa meno. Hakuwa amekula bado. Sijui alikuwa akitafuta chakula cha jana. Alichomoa kijiti, akakitazama ncha, akakirudisha mdomoni, na mimi nikiendelea kuzungumza juu ya mtoto aliyekutwa akilia kwenye mtaro. Nilihisi kinyaa hasa, kile cha kukanyaga kitu chenye unyevu gizani. Mtu wa kampuni za kuuza majina, aliyekuwa ameniambia pale mlangoni kwamba anaiunga mkono sentensi yetu, alikuwa akivitazama viatu vyake.

Mkubwa akainuka. Alisema serikali ni mzazi, na mzazi haombi ruhusa kumnyang'anya mtoto kisu.

"Si kisu, ni jina," mtu akasema nyuma. "Ajibu swali la madam."

"Ajibu," wakadakia wengine. Fundi mmoja wa mitambo akanyoosha mkono, akasema sentensi ni nzuri na kuitekeleza si kazi ngumu. Ukumbi ukaanza kuchemka. Nilijiambia, sasa meza imepatikana.

Mkubwa hakubishana. Alitupa macho ukumbini taratibu, akamwona mama yangu na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

"Jamani, chakula kiko tayari, na mimi sitaki kusimama kati yenu na sahani," akasema, watu wakacheka. "Maoni tumeyasikia. Nimuombe mama yetu pale atufungie kwa maombi."

Asiyetujua hawezi kuelewa kilichotokea hapo. Kwetu, mkutano ukishafungwa kwa maombi umefungwa. Hakuna anayenyanyua mkono baada ya amina; angeonekana anagombana na Mungu. Na mama yangu, mtoto wa Kakamega aliyelelewa kwenye kwaya, hajawahi kukataa kuombea chochote, hata gari la mwenye nyumba anayemsumbua. Nilimshika leso.

"Mathe, usisimame. Tukifunga, imeisha."

"Maombi haikataliwi, mama," akaninong'oneza, akautoa mkono wangu.

Vichwa vikainama. Mama akaomba kwa sauti yake nzuri, akaombea viongozi, akaombea wapishi, akaombea watoto waliopotea. Kisha, kwa mazoea ya mikutano yote aliyowahi kuifunga maishani, akasema, "Na kwa yale tumekubaliana hapa, Baba, uyatie muhuri."

Amina ya mkubwa ilisikika kuliko ya mtu yeyote. Akaenda kupakuliwa wa kwanza.

Kanuni zilipotoka, sentensi yetu haikuwamo. Maelezo ya mkutano yalisema wananchi wa Kibera na Kawangware waliziunga mkono kwa kauli moja, na kwamba kiongozi wa akina mama alifunga kwa kuyaombea makubaliano. Nilimsomea mama hayo nyumbani kwake. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Mimi nilikuwa naongea na Mungu," akasema. "Wao walikuwa wanasikiliza nini?"

Baadaye jina letu lilifunguka tena, ila chini ya ofisi ile. Pale tulipokuwa tukiweka picha ya nguo za mtoto na ya uso wa mtu aliyempata, ili mzazi ajue anamfuata nani, waliweka picha ya mkubwa mwenyewe, katika suti, anatabasamu, na namba ya simu chini yake. Hakukuwa na kingine. Ninaposoma kwamba katika nchi yetu serikali inachukua nafasi yake miongoni mwa wadau, huiona suti ile.

Mabati ya Soweto West hayakupakwa rangi upya. Nani angeyapaka, na aandike nini?

Ndipo mchana mmoja mama mboga wa chini ya ghorofa yetu akanipandishia ngazi msichana mdogo mwenye ndala mguu mmoja. Alikuwa ameshuka matatu pale 56, kila abiria akidhani ni wa mwenzake. Alilojua kusema ni Soweto.

"Fungua ile yenu ya watoto, aonekane," mama mboga akaniambia.

Nilimweleza si yetu tena. Nikapiga namba ya chini ya suti, ikalia hadi ikakatika, nikapiga tena. Nikampigia mama. Akina mama wa kikundi wakajigawa, wakaenda nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa kama walivyofanya kabla ya mtandao, na jua lilikuwa limeshazama walipompata mzazi, ng'ambo ya reli. Nilimpeleka mtoto mwenyewe.

Mama yake alikuwa msichana tu, labda umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hakuwa akitafuta popote, na hilo lilinishangaza. Alimkumbatia mtoto. Kisha alininyooshea simu yake, na kwenye kioo alikuwa mkubwa, anatabasamu.

"Nilifungua ile ya watoto tangu saa saba, nikaona huyu mzee na namba yake," akasema. "Nikajua ndiye amempata. Nimempigia mchana wote nikimshukuru Mungu kwamba mtoto yuko na mtu amevaa suti."