Kabula na Fundi Aliyeacha Maziwa

Kabula binti Jilala alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka ng'ombe akimkanyaga, alicheka mvua ikimkuta machungani, na safari moja alicheka msibani mpaka mama yake akamshika sikio na kumtoa nje. Alifika Ivuna akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baba yake alipohama na mifugo kutoka Usukumani kufuata majani ya bonde la Ziwa Rukwa. Huko akakulia, miguu peku, kati ya ng'ombe walioachiwa mbuga nzima wazunguke watakavyo.

Alipokuwa msichana mkubwa, kuuza mtindi kukawa kazi yake. Siku za soko alipanda lori la chumvi na madumu yake hadi Tunduma, akakaa karibu na mpaka, mahali Wazambia walipovukia. "Mayo, leta mabisi," walimwambia, yaani mama, leta mtindi, naye akawamiminia vikombe vizito huku akitania kila mmoja.

Upande wa pili wa barabara alikaa fundi baiskeli mmoja kutoka Igamba, jina lake Zabron. Alikuwa mrefu, mpole, mikono imejaa grisi, na mchana hakula kingine ila viazi vitamu na karanga za kuchemsha. Kabula alimtazama wiki nyingi kabla ya kumvukia na kikombe.

"Karibu mtindi, kaka."

"Ahsante dada, situmii."

"Unakuumiza tumbo?"

"Hapana. Nimeacha."

"Umeacha maziwa kama watu wanavyoacha pombe?" Kabula aliuliza, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Zabron naye akacheka, spana mkononi, kisha akamweleza. Yeye ni Msabato. Nyumbani kwao nyama waliiacha zamani, ila maziwa waliendelea kunywa. Lakini kwenye makambi ya kanisa ya mwaka ule alikuja mwalimu wa afya, akafundisha kwamba maziwa ni haki ya ndama, na kwamba huko kwingine ng'ombe hufungiwa bandani mpaka wasahau jua. Zabron akarudi nyumbani, akasogeza kikombe pembeni, na maziwa yakakoma kununuliwa. Mama yake, Enesi, ambaye chai bila maziwa aliiona kama adhabu, hakumsemesha Sabato nzima.

"Wetu hawajui hata mlango ukoje," Kabula alisema. "Njoo uone."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo aliposhtuka. Amemkaribisha mwanamume kwao. Njia nzima ya kurudi alikaa juu ya madumu matupu akicheka peke yake, hata dereva akamuuliza kama ameonja kitu huko mpakani.

Zabron akaja kweli, shati jeupe, nywele zimechanwa. Mzee Jilala alipokea shikamoo yake, akamgeukia binti.

"Huyu ni mnunuzi?"

"Hapana, baba. Hanywi maziwa. Amekuja kuangalia ng'ombe."

Jilala alifikiri kidogo. "Ni mgonjwa?"

Jioni ng'ombe waliporudi kutoka mbugani, Kabula alimpa Zabron kazi ya kuwaleta ndama. Wa kwanza alimpiga kichwa cha tumbo, akakaa chini kwenye kinyesi kibichi na shati lake jeupe. Kabula alishikilia ua wa miiba, akajichoma, akazidi kucheka. Zabron alicheka palepale alipokaa.

"Sasa tazama," Kabula alisema alipopata pumzi. "Ndama anaanza. Asiponyonya kwanza, huyu mama hashushi hata tone. Sisi tunakamua upande, na mwenyewe anamalizia."

Zabron aliangalia sana, yule ng'ombe akimlamba mwanawe mgongoni. Akachukua kikombe cha maziwa ya moto yenye povu. Kilipokaribia mdomo, akauliza, "Na ndama madume mnawapeleka wapi?"

Kabula angeweza kusema wanabaki. Neno hilo lilikuwa tayari ulimini. "Mnadani," alisema. "Na kutoka pale, buchani."

Zabron alikiweka kikombe chini taratibu. "Ahsante kwa kuniambia ukweli," akasema, na asubuhi akapanda lori.

Kabula hakucheka mpaka soko lililofuata. Siku hiyo Zabron alivuka barabara na chupa ya chai. Ndani yake mlikuwa na maziwa ya soya, ameyasaga mwenyewe. Kabula akanywa, akafumba jicho moja.

"Sema," Zabron alimwambia.

"Ni maji ya kuoshea maharage."

Walicheka mpaka Wazambia waliosubiri mabisi nao wakaanza kucheka bila kujua sababu. Halafu Zabron akasema, "Siku ile ungenidanganya, ningekunywa. Mtu aliyeshindwa kunidanganya nataka kuishi naye."

Kabula alikaa juu ya dumu, dumu likabingirika, naye akaenda nalo. Akiwa chini vumbini akauliza, "Unanichumbia kwa soya?"

"Soya ndiyo niliyonayo."

Jilala hakutaka soya, alitaka ng'ombe. Kwa hiyo mtu aliyekataa kumnyang'anya ndama kikombe kimoja akajikuta anaswaga kundi la mahari na wajomba zake hadi Ivuna, kofia imempeperuka, akiwaomba radhi ng'ombe kila walipochoka. Jilala alifurahi. "Mkwe mzuri," alisema. "Hatamaliza maziwa ya mke wake."

Arusi ilifungwa Jumapili. Wasukuma walikuwa na vyungu vyao vya nyama na Wasabato na vyao vya maharage na mboga za karanga. Wageni wa Ivuna walipomaliza nyama walihamia upande wa pili wakamaliza na karanga, na mama Enesi akazunguka na upawa akiwaambia watu kwamba wanaokoka.

Jilala aliwapa mtamba. Mtamba huyo alipozaa dume huko Igamba, Kabula alimwambia mumewe, "Kwetu angeenda mnadani. Hapa kila mtu analima kwa maksai. Wetu walime, wakizeeka wabaki." Zabron alikubali. Siku dume lile lilipovuta plau kwa mara ya kwanza, likapinda mistari yote, Zabron alirudi kutoka shambani ana furaha kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Ndama mdogo wa safari hii ameshanyonya?" alimuuliza Kabula, aliyekuwa akikamua.

"Ameshiba mpaka anasinzia."

Zabron akanywa kikombe kizima, akabaki na masharubu meupe. Mama Enesi, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kona, akauliza polepole, "Basi na chai yangu inarudi?"

Si wote waliokubaliana naye. Kefa, rafiki yake wa kanisani aliyesikia fundisho lilelile, alibaki na soya, akamwambia bado anachukua kisicho chake. Zabron alijibu, "Inawezekana," na wakabishana hivyo miaka mingi, wakipaliliana kahawa.

Mwaka 2014 Jilala alikuja kuwatembelea. Alilikuta lile maksai la kwanza, sasa zee, meno yamekwisha, limelala chini ya mparachichi.

"Huyu anangoja nini?"

"Anapumzika, baba," alisema Kabula.

Mzee alilizunguka, akaligusa nundu, akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama kuna nafasi ya mzee mwingine. Wakahamisha magunia ya kahawa kutoka chumba cha uani, naye akakaa nao mpaka mavuno, akila maharage kila siku na kuyalalamikia, na sahani ikirudi tupu.