Kabati la Eliya Lina Ukubwa Gani

Randa ilikuwa ikikwaruza ubao nyuma ya turubai, nami sijaona chochote bado. Nilikuwa Keko, nikimtafuta fundi aliyemtengenezea rafiki yangu Eliya kabati.

Kwenye kundi letu la simu tulibishana miezi mingi juu ya mashine ya kusafiri katika wakati iliyo kwenye hadithi tuipendayo: kwa nje kabati, ndani halina mwisho. Mmoja alisema kuta zake zimekunja nafasi. Mie nilisema ndani ni karne nyingine. Eliya akasema jibu lake atalionyesha kwa mbao. Akafariki kabla ya kutuonyesha. Wenzangu wa Kinondoni wakanituma nililete kabati, liwe kumbukumbu.

“Lilishaenda Mbagala kwa mama yake,” alisema fundi. “Kabati la kawaida tu, braza. Alisema ndani mna vyumba vingi. Nilimuuliza vyenyewe viko wapi, akacheka.”

Mbagala nilifika mchana. Ilikuwa siku ya kugawa nguo za marehemu, na ndugu walikaa barazani. Mama Eliya alikuwa ndani, kwenye chumba kimoja alichopanga na mwanawe tangu watoke Kigoma. Kabati lilijaa nguo za Eliya, na mama ameliegemea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa ukibishana naye?”

“Ndimi.”

Baba mdogo wa Eliya alichungulia. “Shemeji, toa nguo. Watu wanasafiri.”

Mama alinigeukia mimi. “Eliya alisema anayeingia humo hukuta vyumba vyote alivyowahi kulala. Lakini mimi namkumbuka akilala chumba hiki tu. Nikizitoa nguo, atapata nafasi humo?”

“Mama, ile ni hadithi.”

“Najua ni hadithi. Nimekuuliza nafasi.”

Nilifungua kabati. Harufu ya Eliya ilinipiga usoni. Nyuma ya mashati kulikuwa na ubao, basi.

“Ipo,” nikasema.

Akazitoa moja moja, akampa shemeji yake. Shati la mwisho akanipa mimi. Sikuweza tena kuomba kabati.

Kwenye nadharia zetu zote tulimpimia nafasi anayeingia. Hakuna aliyewahi kumuuliza anayebaki nje.

Nilipoaga, alikuwa ameshavuta kigoda mbele ya kabati tupu. Aliinuka mara moja tu, kufunga mlango wa chumba nyuma yangu.