Viboksi Mahali pa Kicheko

Mimi na mke wangu tuliishi Nairobi, Mukuru kwa Reuben, chumba kimoja cha mabati, na kwa miaka mingi hatukulala humo pamoja ila usiku wa Jumamosi. Mimi nilikuwa zamu ya usiku katika kiwanda cha mabeseni. Yeye alifua nguo katika nyumba za watu Buruburu. Asubuhi nikirudi nilimkuta mlangoni, kilemba amekwisha kufunga, ananipa ufunguo ungali na joto la mkono wake, anaondoka. Ndiyo maana aliniita jirani. Mambo ya mume na mke tuliyasema kwa ujumbe wa simu. Unga uko wapi, nani ameugua, nani amejifungua, tumwambie nini mwenye nyumba, yote yalipita hapo.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo, mimi nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Tulimzika kwetu, magharibi, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alikuja mazikoni lakini hatukusemezana. Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja. Neno likiwapo, hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alinifuata nyuma ya hema.

"Mama anasema mtoto wake alitoka nyumbani akicheka," aliniambia. "Anasema wewe umemrudisha mdomo umefungwa."

Kila maiti hufungwa mdomo, lakini nilijua hakuwa akisema habari za maiti.

"Anasema utakapokuja kwetu usilete picha. Picha anazo. Ulete maneno yake."

Kwetu mgane hurudi kwa wakwe baada ya maziko. Hukaa nao siku moja, akasikiliza na kusikilizwa, kisha huachiliwa aende na maisha yake. Mimi sikutaka kuachiliwa. Nilitaka tu mama yule ajue kwamba mtoto wake alikuwa akicheka Nairobi, kwa sababu alicheka. Alicheka kuliko mpangaji yeyote kwenye ploti yetu. Nami sikuwa na shahidi mwingine ila ile simu.

Simu yenyewe, yangu niliyopokelea jumbe zake, ilikuwa imekwisha. Betri ilivimba mpaka kioo kikainuka. Kabla haijazimika kabisa, fundi mmoja kando ya barabara ya Jogoo alizitoa jumbe zote akaziweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Aliniambia ziko ndani ya faili moja la XML. Nilimuuliza XML ni ugonjwa gani. Akacheka, akasema niipeleke saiba, kwenye kompyuta za kulipia, huko watalifungua wanichapishie. Mimi nilibaki na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kufungua kitu kama hicho.

Saiba niliyoijua ilikuwa Buruburu, karibu na nyumba mojawapo alikofua mke wangu. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi za mjini, kisha ofisi ikafungwa. Nilimweleza ninachotaka. Akasema pole, akaichukua kadi kwa vidole viwili kama kitu kinachovunjika.

Akalifungua faili. Ukurasa ukaja mweupe, na juu yake mstari mmoja mwekundu.

"Imekataa," alisema.

"Imekataa ujumbe gani?"

"Zote, mzee. Hizi faili ni kama karani wa ofisi ya chifu. Karatasi moja ikikosa muhuri, anakurudisha nyumbani na zote."

Akalifungua kwa njia nyingine, kama maandishi matupu, ili nione. Kila ujumbe ulikuwa umefungwa ndani ya mabano yake: nambari ya aliyetuma, tarehe, kisha maneno. Tarehe hazikuwa tarehe bali nambari ndefu. Maneno niliyatambua mara moja. Nikageuza uso nikatazama barabarani, kwa sababu sikuwa nimejiandaa kumkuta pale, katikati ya mabano.

"Shida ni hizi," alisema yule mama, akaweka kidole kwenye kioo. Mwisho wa maneno ya mke wangu palikuwa na kitu hiki: �� na chini yake tena, na tena. "Alikuwa anapenda kutuma zile nyuso?"

"Sana."

"Basi ndizo hizo. Kompyuta haizijui zikiwa hivi."

Akafanya jambo lililokuwa jepesi. Aliiamuru mashine itupe kila ujumbe wenye kasoro, ibakishe zilizo nzima. Faili likakubali. Akageuza zile nambari ndefu kuwa tarehe na saa. Mara ya kwanza saa zote zikaja nyuma, mke wangu ananiambia amefika Buruburu wakati ambapo jogoo hajawika, kwa sababu mashine ilihesabu saa za ng'ambo. Akazisogeza mbele zikawa za Nairobi. Kisha akanipisha kiti nisome.

Nilisoma. Maji yamekatika. Leo wameniambia nisirudi tena kwa ile nyumba ya kona. Miguu imefura. Nunua dawa ya tumbo. Mwenye nyumba amekuja. Sijala. Miguu bado.

Yule mama alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. "Alikuwa mtu wa huzuni?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi tumemtupa," alisema. "Zile zenye nyuso ndizo zilikuwa yeye."

Nilimwambia hizo nilizosoma ni za kweli pia, miguu ilikuwa imefura kweli. Akasema anajua, lakini mtu hawezi kuzikwa nusu. Akavuta kiti kingine.

Mara ya pili aliacha jumbe zote, ila akaiambia mashine ifute zile nambari tu, kila kinachoanza na alama ile na kuishia na nukta mkato. Faili likafunguka lote, na nilifurahi mpaka nilipoanza kusoma. Mke wangu alikuwa na tabia ya kuandika vitu vya kununua kimoja chini ya kingine. Sasa vilikuwa vimeshikana neno moja: ungamafutasabuni. Yule mama akajipiga paji la uso. Kumbe hata kule kuruka mstari kuliandikwa kwa nambari ya namna ileile, nayo ameifuta.

Lakini hilo halikuniuma kama lingine. Kulikuwa na ujumbe huu: "Jirani ugali yako ya jana hata panya amehama." Nilikumbuka siku ile. Nilikuwa kiwandani, nikausoma nyuma ya mashine, nikacheka mpaka msimamizi akanikodolea macho. Sasa bila ule uso mwishoni yalikuwa matusi. Na mwingine: "Wewe mwanaume huna akili hata kidogo." Na mwingine: "Usirudi." Huo alinitumia siku niliyosahau ufunguo mara mbili. Mama mkwe angesomewa hivyo angesema tuliishi kwa kutukanana.

"Madam," nilisema, "hapa ananitukana."

"Alikuwa anatania?"

"Alikuwa anatania."

"Na mimi nimemtoa utani." Akasema bila kucheka. "Ngoja."

Siku hiyo hatukumaliza. Nilirudi kesho yake baada ya zamu, macho yananiwasha, nikamkuta ameandika mahesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika. Alinieleza polepole kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kila uso mmoja, alisema, ile simu iliuandika kwa nambari mbili, nusu na nusu. Nusu peke yake haina maana, na programu ya kusoma XML ikikutana na nusu inakataa, hata kama nusu nyingine iko hapo hapo kando yake. Dawa si kufuta. Dawa ni kuziunganisha ziwe nambari moja.

"Tazama," alisema. "Nusu ya kwanza ni ileile, awe anacheka awe analia. Hii hapa, na hii hapa. Ni nusu ya pili inayowatenganisha."

Nikatazama. Ilikuwa hivyo. 55357 kwa kicheko, 55357 kwa kilio. Nikasema nimeona.

Aliiandikia mashine amri ya kuunganisha, nayo ikazipitia zote. Nyuso zikarudi. Zile za njano, zenye machozi ya kicheko kando ya macho, zikajaa kwenye kioo kama punje za mahindi. Orodha za sokoni zikasimama tena mstari chini ya mstari. Panya akahama, na sasa aliyekuwa akihama alichekesha. Yule mama mwenyewe alicheka, kisha akaziba mdomo akaniomba radhi. Nilimwambia asiombe radhi. Ndilo nililokuwa nikitafuta.

Akachapisha huku mimi nikiwa nimeketi kando. Sikuzitazama karatasi. Kusoma kwenye kioo kulinitosha, na niliogopa kuzishika mkononi mbele ya watu waliokuja kupiga fotokopi. Aliziweka ndani ya bahasha, nikaishika kwapani, nikaenda kutafuta basi la magharibi.

Kwa wakwe niliwekewa kigoda nje, chini ya dirisha. Mama mkwe aliketi ndani, na baina yetu ukuta wa udongo. Shemeji alichukua bahasha akaingia nayo. Alikuwa ndiye wa kusoma, kwa sababu macho ya mama hayaoni tena maandishi. Nilimsikia anapekua.

"Shemeji," aliita kupitia dirishani, "hivi viboksi ni vya nini?"

"Viboksi gani?"

"Kila mahali kuna kiboksi kitupu mwisho wa maneno."

Nikaelewa. Kioo cha saiba kilizijua nyuso zile, mashine ya kuchapa haikuzijua. Mahali pa kila uso iliweka kisanduku cheusi chenye uwazi katikati, na mimi nilikuwa sikufungua bahasha. Nilikaa pale kwenye kigoda nikiwa nimesafirisha viboksi kutoka Nairobi.

"Ni nyuso," nilisema. "Nyuso za kucheka."

Sauti ya mama mkwe ikasema kitu kwa kilugha. Shemeji akanirudishia, ingawa nilikuwa nimesikia na kuelewa. Ndivyo inavyopaswa. "Mama anauliza, zote?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angenikosoa. "Si zote," nilisema. "Nyingine ni za kulia. Zinafanana viboksi."

"Basi nisome, wewe useme," alisema shemeji.

Ikawa hivyo. Alisoma ndani, na akifika kwenye kiboksi alisimama, nami nje nikasema. Ugali na panya, nikasema anacheka. Huna akili hata kidogo, nikasema anacheka. Usirudi, nikaeleza habari ya ufunguo, nikasema anacheka, na ndani nikasikia mtu anapumua kwa pua kama anayezuia jambo. Dada wa mpangaji mmoja wa ploti yetu alipofiwa na mtoto, nikasema analia. Tuliendelea hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni. Kila mara shemeji akitaka kuruka kiboksi, mama alimwambia aulize.

Kisha shemeji akasoma: "Jirani leo nimechoka." Akasimama. "Kiboksi."

Nikatafuta. Nilijaribu kukumbuka niliposomea ujumbe huo, nyuma ya mashine, au njiani, au kitandani mchana. Sikukumbuka. Alikuwa akiniambia amechoka mara nyingi, na mara nyingi alicheka akisema hivyo. Alikuwa mtu wa kuchekea uchovu wake. Lakini huo ulikuwa wa miezi ya mwisho, alipokwisha kufura.

"Sijui," nilisema.

Mama akasema asome tena. Shemeji akasoma tena, polepole. Leo nimechoka.

"Sijui," nilisema tena.

Walinipa chakula nje, nikala. Wakati wa kuondoka shemeji alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa na karatasi moja mkononi. "Hizi nyingine mama amezichukua," alisema. "Hii anasema urudi nayo. Ukijua, umwambie."

Nilirudi Nairobi nikiwa nayo ndani ya shati. Kwa siku kadhaa nilipita njia nyingine ili nisipite Buruburu. Kisha nikaenda. Yule mama wa saiba alinitazama usoni, hakuuliza safari ilikuwaje. Nilimwonyesha karatasi, akaona viboksi, akakaa chini.

"Hukuzitazama hizi?"

"Sikuzitazama."

"Na mimi sikuzitazama," alisema. "Twende kwa faili lenyewe, lile la kwanza ambalo sijaunganisha nusu."

Alilitafuta neno nimechoka likaja mara nyingi, mpaka tukaupata ule wenye tarehe yake. Aliweka mkono mbele ya kioo. "Nikuonyeshe uso au nambari?"

"Nambari."

Akaondoa mkono. Nusu ya kwanza 55357. Nusu ya pili 56877. Nikaangalia zile za vicheko juu yake, zote ziliishia 56834. Hii haikuwa hiyo.

"Ni ya kulia," alisema.

Nilimpigia shemeji nikiwa bado mlangoni pa saiba, magari yakipita. Nilimwambia amweleze mama kwamba ile ni ya kulia. Nikamsikia anaeleza kwa kilugha, na kuku mahali fulani.

"Anauliza kama una hakika."

"Nina hakika. Nimeiona nambari yake."

Akamweleza. "Anasema asante. Anasema umrudishie karatasi yake."

Niliomba kalamu kwa yule mama. Kando ya kiboksi kile niliandika "analia", kwa herufi kubwa, ili hata anayemsomea asihitaji kuniuliza. Kisha nikaitia bahasha, nikampa kondakta wa basi la magharibi, nikaenda kazini.