Filamu Isiyomhitaji Fikirini

Pale Ikwiriri huna haja ya kuuliza nani bingwa wa kutafsiri filamu. Fikirini atakwambia mwenyewe kabla hujaketi. Kiingereza kilimwacha darasa la sita, lakini akishika maiki kwenye banda lake la video, Mchina na Mhindi wote wanaongea kama watu wa Kibiti.

Mdomo huohuo ndio uliomkimbiza mkewe. Sihaba akianza neno, Fikirini analimalizia. Akinuna, Fikirini anaeleza kwa nini kanuna. Siku moja akafunga kanga zake, akaenda kwa kaka yake kule Mtunda. Wiki ya tatu sasa.

Ijumaa baada ya swala, Fikirini anachomeka flashi iliyotoka Dar, "mapenzi ya kale" kama alivyotangaza, mara akamwona Sihaba anaingia, anakaa benchi la nyuma. Leo atamrudisha, tena kwa ufundi!

Picha ikaja, nyeusi na nyeupe. Midomo inacheza, sauti hamna. Fikirini akaipiga spika kofi. Akachomoa waya, akachomeka tena.

"Fundi, umetuletea mabubu?" akauliza mzee Gharibu.

"Tulia, mzee wangu! Za zamani ndivyo zilivyo," akajibu, utadhani alijua tangu jana.

Kwenye kioo, mwanamume karudi safari, mwanamke yuko dirishani. Fikirini akadaka maiki, akabana sauti iwe ya kike: "Karibu mume wangu, nimekukosea, nisamehe..."

"Mwongo!" Alikuwa Sihaba. "Huyo mwanamke hajafungua hata mdomo. Mtazame basi!"

Banda zima likaangua kicheko. "Leo kapatikana!" akashangilia mzee Gharibu.

Fikirini akaweka maiki chini. Ulimi ukamwasha kama kalamba upupu. Akakaa, akasimama, akarudi kukalia viganja vyake. Miaka tisa ana banda, na hiyo ndiyo filamu ya kwanza kuitazama. Mwanamume anaeleza, anaeleza, mikono hewani, wala hamuulizi mwenzie kitu. Mwanamke akamtazama weee, kisha akavuta pazia. Fikirini akaona haya kama kafumaniwa yeye.

Ilipoisha, akamuwahi mkewe mlangoni.

"Mama Nasra, mimi..." Akajikatiza. Akasubiri. Bodaboda zikapita, mbili, tatu. Kusubiri huko kulimtoa jasho.

"Nataka kulima lile shamba la mpunga la marehemu mama, kule Maparoni," akasema Sihaba. "Msimu mzima nikae hukohuko. Mwaka wa pili huu natafuta pa kukwambia."

Majibu yakamjaa kooni: viboko, mafuriko, nani atapika. Akayameza moja moja.

"Sema yote," akasema.

Sihaba akamwangalia kwa mashaka. Akaketi kwenye kibaraza. "Nitachukua muda, baba Nasra."

Fikirini akaketi naye. Ndani watu wanapiga miluzi, wanataka filamu ya pili. Hakuinuka.