Kipande cha Kati cha Valsin

Honorine Trépagnier alikuwa na kiburi, na sisemi hivyo kumsengenya. Mwenyewe alikiri mbele ya watu. Alishona magauni ya komunyo ya kwanza, na hakuna mama wa Kata ya Saba aliyetaka binti yake apite mbele ya altare na gauni la mshonaji mwingine. Kwao walizungumza Kifaransa mezani. Weusi wenzetu wa upande wa juu wa New Orleans, wale Wabaptisti wanaosema Kiingereza tu, akina Honorine waliwaita Wamarekani, na neno hilo hawakulitamka kwa mapenzi.

Mtu wa namna hiyo akaenda kumpenda Valsin! Mchana Valsin alikuwa msokota sigara kama baba yake. Usiku alipiga piano kwenye nyumba za Mtaani, na tuseme wazi tu, nyumba za malaya. Huko wapiga piano waliitwa maprofesa, na Profesa Valsin ndiye aliyeogopwa na maprofesa wote. Mama yake Honorine aliposikia mchumba mwenyewe ni nani, alipanda kitandani mchana kweupe akamwomba Mungu amchukue. Mungu hakumchukua. Ndoa ikafungwa, lakini kwa sharti, na sharti lilitoka kinywani mwa bibi harusi.

"Humu ndani kuna piano ya mama," alisema. "Utapiga nyimbo za kanisa, utapiga walzi, hata opera ukitaka. Ule uchafu wa Mtaani usivuke mlango huu. Niapie."

"Huo uchafu ndio utakaokulisha, mpenzi."

"Nitashona, sitakufa njaa. Niapie, Valsin."

Akaapa, akashika kiapo. Jamani, bora angekuwa mwongo kama wanaume wengine! Miaka yote ya ndoa yao, Jumapili alikaa kwenye piano ile akapiga walzi kwa adabu, mgongo umenyooka, na majirani waliopita nje wakacheka. Wao walijua kilichofichwa.

Walijua kwa sababu mji mzima uliujua wimbo wake, "Kilemba cha Zulma". Zulma alikuwa bibi kizee aliyeuza maandazi ya wali nje ya kanisa, kwa hiyo acheni mawazo mabaya. Mwanzo wa wimbo kila mtu aliuweza. Hata waosha madirisha waliupiga mluzi. Lakini katikati kulikuwa na kipande ambamo mkono wa kushoto uliacha kutembea kama mikono ya watu wengine ukaanza mambo yake, na hapo, walionisimulia wanasema, wanawake waliacha kucheka na wanaume wakaweka bilauri chini. Kipande hicho hakuna aliyekiiba. Valsin alikuwa na tabia moja: mpiga piano mwingine akitia mguu mlangoni, yeye anaruka kipande cha kati na kwenda moja kwa moja mwishoni, akitabasamu. Maprofesa wote walikuwa na ujanja wao wa kulinda mali, ila yeye alizidi. Watu wa santuri walipokuja kutoka kaskazini na mashine zao, akawatimua.

"Nikiutia kwenye santuri," alisema, "kesho kila mjinga wa Chicago ataupiga na kujiita Valsin."

Serikali ikafunga nyumba za Mtaani, yeye akahamia kwenye kumbi za dansi za ziwani. Honorine hakwenda. Ujana ukapita, watoto hawakupata, na bado hakwenda. Alikuwa ameshasema, na kwake lililosemwa limesemwa.

Kisha kiharusi kikamwangusha Valsin kwenye benchi la sigara, majani ya tumbaku bado mkononi. Hakufa. Mdomo ulienda upande kidogo na mkono wa kushoto ukafa kabisa.

Watu wakaja kumwona. Wapiga tarumbeta, wapishi wa kumbi, wanawake ambao Honorine hakutaka kujua wametoka wapi. Walikaa sebuleni kwake wakinywa kahawa yake, wakalia. "Ule mkono wa kushoto, bibi," walimwambia. "Lo, ule mkono! Wewe ndiye mwenye bahati, ulikuwa ukiusikia bure." Honorine alijaza vikombe, akaitikia kwa kichwa. Mgeni wa mwisho alipoondoka alikwenda jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele, akalia kwa sauti, yeye ambaye hakulia hata mama yake alipozikwa. Mji mzima ulikuwa umemsikia mumewe. Yeye peke yake, aliyelala naye kitanda kimoja, hakumsikia.

Aliingia chumbani macho mekundu. "Valsin. Nipigie Kilemba cha Zulma."

Valsin alimtazama. Akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua, akauachia. Ulianguka mapajani.

"Sasa ndiyo unauomba, mwanamke," alisema taratibu. "Sasa!"

"Basi nifundishe. Wewe upige kulia, mimi nipige kushoto."

"Wewe? Utajichafua."

"Nifundishe, nimesema!"

Hivyo ndivyo kipande cha kati kilivyovuka mlango ule, kwa vidole vya mshonaji. Asubuhi alishona, jioni ikianza waliketi pamoja kwenye benchi moja. Valsin alipiga kulia na kuimba kushoto kwa mdomo wake uliopinda, naye Honorine akitafuta.

"Hapana! Si hapo. Chini yake. Chini! Masikio yako umeyaacha kanisani?"

"Usinipigie kelele, mimi si profesa."

"Vidole vimekauka kama vijiti."

"Ni vidole vilivyokushonea mashati yote uliyovaa kwenda kwa hao malaya wako."

Valsin alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mke wangu. Lakini usipige kama unashona. Cherehani haichelewi, na huu mkono lazima uchelewe. Wa kulia unaita, wa kushoto unachelewa kuja, kama mtu aliyeitwa kula na hana njaa. Akifika lakini, anakula chote. Umeelewa?"

Hakuelewa. Aliendelea tu. Kiganja chake kilikuwa kidogo, hakikufika mbali ulikokuwa ukifika mkono wa Valsin, kwa hiyo ikabidi sauti nyingine aziguse na kuziacha haraka. Lakini siku moja, mvua ikipiga paa, mikono yao miwili ikakutana mahali panapostahili. Ikadumu kwa pumzi chache tu. Honorine akasikia kitu kizito kikitembea chini ya wimbo, kina huzuni na kina utani ndani yake, na nywele zikamsimama.

Aliondoa mkono kama ameungua. "Hiki ndicho nilichokuwa nimekifungia mlango?"

"Ndicho."

"Na wewe ukakubali! Mbona hukuvunja kiapo, mpumbavu wewe? Mbona hukunipiga hata mara moja, ukanikalisha hapa kwa nguvu, ukaniambia sikiliza?"

"Uliniapisha, Honorine," Valsin akasema. "Nami nilikupenda."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

Baada ya siku hiyo alijifunza kama mwenye deni kwa Mungu. Oda za magauni zilichelewa, akina mama wakanung'unika, akawaambia waende kwa mshonaji mwingine. Kijana mmoja mpiga piano kutoka upande wa juu, Leander Gibbs, Mmarekani halisi, alikuwa akija kumletea Valsin samaki wa kukaanga; aliomba akae asikilize masomo. Honorine alikuwa tayari kumruhusu, lakini Valsin alitikisa kichwa. "Mpaka mke wangu akiweze hicho kipande. Ni chake kwanza." Hata hapo, mkono umekufa, mzee yule aliona wezi. Leander akaacha samaki, akaenda zake kwa heshima.

Ilibaki sehemu ndogo ya mwisho, pale mkono wa kushoto unaporudi kutoka matembezini, kiharusi cha pili kilipokuja. Hiki kilichukua ulimi na mkono wa kulia. Valsin akawa wa kukaa kitini na kufutwa mate. Macho tu ndiyo yalibaki ya Valsin.

Honorine alifanya vile ambavyo mtu yeyote angefanya. Alichukua sehemu za mikono yote miwili, ya kulia aliyoikariri kwa kuitazama, ya kushoto aliyofundishwa, na ile sehemu ambayo hakuimbiwa akaikisia. Akaipiga yote mbele ya kiti cha mumewe, polepole, akikosea, akirudia. Alipomaliza aligeuka.

"Ndivyo, Valsin?"

Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Fumba macho kama ndivyo. Nakuomba. Kama sivyo, yaache wazi."

Alifumba. Lakini alikuwa akilia, na anayelia hufumba macho. Honorine alisubiri ayafumbue, akauliza tena, na tena, mpaka akaona anamtesa. Akamfuta uso, akampa uji wa mahindi. Siku ya Watakatifu Wote, watu wakipaka makaburi ya jamaa zao chokaa, Valsin aliaga dunia bila kujibu.

Walimzika vizuri. Chama chake cha mazishi kilitoa bendi, wakamsindikiza polepole kwa nyimbo za kanisa mpaka makaburini, na kurudi wakacheza barabarani kama desturi ilivyo. Mchana nyumba ikajaa. Gambo, ule mchuzi mzito wa bamia, likapakuliwa, na wanamuziki wakaanza kubishana kuhusu Kilemba cha Zulma. Mmoja alisema katikati mkono wa kushoto ulipanda, mwingine akasema ulishuka. Mmoja akajaribu kwenye piano, wakamzomea. "Toka hapo! Huyo ni wewe, si Valsin!"

"Mimi ninacho," Honorine akasema.

Wakageuka kumtazama. Walimjua, yule mwanamke aliyeukataa muziki wa mumewe. Mmoja alisema kwa upole, "Pumzika, bibi, umechoka." Lakini Leander Gibbs akamvutia benchi.

Alipiga. Alikwama mara mbili, akafika mwisho. Watu walitazama bakuli zao kwa haya, kama watu waliomsikia mtoto akisoma vibaya kanisani.

"Naomba tena, bibi," Leander alisema. Akapiga tena. Leander akainama, macho kwenye vidole vyake, midomo ikitembea. Kisha akaketi badala yake.

Kijana yule alikuwa na kiganja kikubwa. Alichukua kile alichopewa na mjane akakinyoosha, akakitia damu. Pale Honorine alipogusa na kuacha, yeye akashika. Pale alipokisia, yeye akaweka mapambo yake, akachelewesha, akateremka mpaka chini kabisa ambako piano ile ya walzi haikuwahi kuguswa. Sebule ikalipuka. "Huyo! Huyo ndiye Valsin!" Wazee walipiga sakafu kwa fimbo, mpiga tarumbeta akaficha uso kwenye kofia. Mwanamke mmoja alimkumbatia Honorine akimwambia, "Umemleta mumeo, Mungu akubariki."

Honorine alikuwa amesimama kando ya dirisha. Ulikuwa wimbo mzuri, mzuri kuliko wake, hilo hakubisha. Mkono wa Leander haukuchelewa alivyofundishwa yeye, ulichelewa kwa namna nyingine. Au pengine ndivyo Valsin alivyochelewa, na yeye kwa uzito wake hakushika? Alimvuta Leander shati.

"Hapo mwishoni, ndivyo alivyokuwa akipiga?"

"Sijui, Bibi Honorine," kijana alisema. Hakudanganya, nampa heshima yake. "Sikuwahi kukisikia. Nikiingia tu alikuwa anaruka. Nilidhani wewe utaniambia."

Waliondoka wakiuimba barabarani, na kesho yake, naambiwa, tayari ulikuwa ukipigwa kwenye kumbi mbili ukiitwa wimbo wa Valsin. Kesho hiyohiyo asubuhi Honorine aliosha sufuria, akafagia, akaketi kwenye benchi. Alitaka kuupiga alivyofundishwa, mara moja tu, peke yake, kabla ya kushika sindano.

Mkono wa kushoto ulianza, ukateremka mpaka chini kabisa. Akausimamisha. Huo ulikuwa wa Leander. Akaanza upya, akatafuta pale pa kugusa na kuacha, akajiimbia kwa sauti vile Valsin alivyokuwa akimwimbia kwa mdomo uliopinda, na kinywani mwake pia kikatoka cha Leander. Alijaribu mpaka jua likawa juu. Jirani aliyekuwa akianika nguo uani akamwita kupitia dirishani: "Honorine, shoga yangu, umeuweza! Jana ulikuwa unababaisha, leo ndiyo Valsin mwenyewe!"