Upande Aliokaa Baba Mkwe

Jamani, hii habari mie siisimuliagi. Ni aibu ile ambayo ukiikumbuka uko peke yako unajikuta umefumba macho. Leo naisema kwa sababu nyie mmeniuliza sana kwa nini nikipakia mtu kwenye gari nazima redio, na kwa sababu sasa naweza kuisema bila sauti kukatika (au tuseme inakatika kidogo tu).

Baba mkwe wangu, Mzee Mshamu, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba lake kule Kimbiji, lakini alipoanza kuumwa tukamleta kwetu Tabata awe karibu na kliniki. Kumpeleka na kumrudisha ilikuwa kazi yangu, na niliipenda, maana baba yangu mzazi sikumjua, na huyu mzee hakunichukulia kama mkwe, alinichukulia kama mwanawe wa kumzaa. Alikaaga mbele, kushoto kwangu, kofia yake magotini na kioo kimeshushwa. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa toka zamani, alisikia kwa la kushoto tu, yaani ukitaka kumwambia kitu huku umeshika usukani unapaza sauti mpaka bodaboda wa jirani anageuka.

Siku moja tunatoka kliniki gari ikaanza kuunguruma kwa chini, mlio mzito, unapanda kadiri unavyoongeza mwendo. Mzee akainamia dirishani, akasikiliza, akasema, "Mkwe, gari yako inalia huku kwangu." Nikapaza sauti, "Sawa baba, nitaiangalia," lakini moyoni nikacheka, nikasema masikini mzee wangu, ana sikio moja, na hilo moja liko kushoto, sasa kelele gani kwake haitatokea kushoto?

Basi nikajifanya mjuaji. Mlio wa vile ni beringi ya tairi, hapo sikukosea. Nikaenda kuijaribu kwenye barabara tulivu, nikikata kona ya kulia mlio unazidi, nikikata kushoto unapungua, nikasema kwisha habari yake, mbovu ni ya kulia. (Mnaojua magari mmeshanicheka. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia tairi la kushoto, kwa hiyo linalolalamika ni la kushoto. Mie nilikuja kuambiwa maji yameshamwagika.) Gereji fundi akaniuliza, "Braza, tusiipime na hii ya kushoto?" Nikamjibu kwa nyodo, "We fungua kulia, gari yangu naijua." Akafunga beringi mpya, nikaondoka, na mlio ukawa umepungua kwa sababu nilitaka upungue, na pale ulipokataa kupungua niliongeza redio.

Mzee akafariki alfajiri moja, taratibu, kwenye chumba cha wanangu. Shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu, akaniambia msikitini kuna gari ya kubebea maiti na wameshakubali kutupa tumpeleke Kimbiji kuzika. Nikamkatalia mbele za watu. "Shem, baba nimembeba akiwa mzima, na leo nitambeba mwenyewe." Watu wakaniangalia kwa heshima, na nisiwafiche, ile heshima ilinikolea. Tukang'oa viti vya nyuma, jeneza likaingia, Hamisi na wanaume wa ukoo wakakaa pembeni yake, na akina mama wakafuata na basi dogo, mama mkwe akiwamo, wao waishie nyumbani kwake kule shambani na sie tuendelee makaburini.

Siku hiyo redio ilizimwa, si ni msiba. Wenzangu nyuma wakawa wanaleta dhikri kwa sauti ya chini, na kadiri tunavyokwenda ule mngurumo ukawa unapanda, unapanda, mpaka dhikri yenyewe haisikiki. Hamisi akauliza, "Shem, nini hicho?" Nikamjibu, "Barabara hii." Barabara! Lami ilikuwa bado nyororo kama meza.

Lami ilipoisha tukaingia njia ya mchanga, usukani ukaanza kutetemeka, harufu ya kuungua ikaingia, kisha kukasikika kakakaka, gari ikavutwa upande na tairi likalala. Jeneza likateleza, Hamisi akalikumbatia. Nikaruka chini, na mnajua nilikimbilia wapi? Tairi la kulia. Lilikuwa limesimama wima, zima kabisa, na mie nimelikodolea macho kama mwehu, mpaka mtu akaniita, "We, njoo huku!" Nikazunguka kwenda kushoto, na ndilo lililolala.

Njia ni nyembamba, gari imeziba katikati, basi la akina mama limekwama nyuma, na jua linakwenda. Hamisi hakunigombeza, alisema tu, "Tumbebeni." Wakalitoa jeneza, wakaliinua mabegani. Na mie nikasogea niweke bega langu, wallahi nilikuwa nimeshaugusa ule mti wa jeneza, baba mdogo wa Hamisi akanishika mkono. "Wewe baki utoe gari njiani, akina mama wapite." Nikabaki. Nikawatazama wanaondoka naye wakipokezana mabega, kila mwanaume aliyekuwepo, hata wapita njia wasiomjua, isipokuwa mie niliyejigamba.

Akina mama wakachoka kungoja, wakashuka wakapita kwa miguu. Mama mkwe akafika usawa wangu, nikainamisha uso, akasema, "Pole, baba Rukia," akapita. Angenitukana ningeshukuru.

Mpaka nimepiga jeki, nimepata watu wa kusukuma, nimefika makaburini nakimbia na mikono imejaa grisi, wenzangu walikuwa wananawa. Kaburi limeshafunikwa, limeshamwagiwa maji. Sikumtupia baba hata gao moja la udongo.

Jioni mama mkwe akaniita pale alipokaa mkekani. "Usijitese, mwanangu. Marehemu alishaniambia, gari ya mkwe wangu inalia upande wangu, ila nimemwambia, atatengeneza. Hakuwa na shaka na wewe." Alitaka kunifariji, mama wa watu. Nikaitikia, nikaaga vizuri, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka Hamisi akaja kunishika.

Beringi ya kushoto niliibadilisha, na gari siku hizi haina hata mnong'ono. Nimeapa, mtu akikaa kwenye kiti kile nazima redio, na akiniambia anasikia kitu, awe mzee, awe mtoto, awe na sikio moja au hana kabisa, naegesha, nashuka upande wake kwanza. Na ilipopona tu nilikwenda nayo Kimbiji peke yangu, nikachuchumaa kaburini, nikaliwekea udongo kwa mkono wangu, nikapaza sauti kama nilivyozoea, "Baba, ilikuwa kwako."